Dubu Aliyesema Kikipsigis

Watu wa rika langu wanapokutana, hasa wakiwa wamekwisha kula na wakati ungalipo, mazungumzo hayakawii kufika kwenye katuni za zamani. Mmoja humtaja Tom na Jerry, mwingine Bugs Bunny, yule sungura mwenye karoti, wa tatu humkumbuka Yogi, dubu mwenye kofia na tai. Ndipo inapokuja kauli ambayo nimeisikia mara nyingi hata naweza kuikariri: kwamba katuni za siku hizi hazina utamu, kwamba zile za kale ndizo zilizokuwa katuni hasa, na kwamba watoto wetu wamepunjwa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiitikia kwa kichwa. Lakini hivi majuzi nilizitazama tena zile nilizozipenda utotoni, moja baada ya nyingine, karibu usiku kucha, na nimelazimika kukiri jambo ambalo wenzangu hawatalifurahia. Katuni niliyoipenda sikuiona. Dubu alikuwapo, kofia na tai vilikuwapo, vikapu vya chakula vilikuwapo, lakini hadithi niliyoijua haikuwamo.

Hebu nieleze, msomaji, maana jambo lenyewe halikuanzia kwenye televisheni bali Siongiroi.

Siongiroi iko Chepalungu, ambako siku hizo kulikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho kabla ya Wilaya ya Bomet kumegwa kutoka kwayo mwaka 1992. Leo ni Kaunti ya Bomet. Mgeni akisikia majina hayo mawili, Kericho na Bomet, hufikiri juu ya chai tu, mashamba ya kijani kibichi yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule. Kwetu ardhi inateremka, joto linaongezeka, na watu hutegemea mahindi na ng'ombe wa maziwa zaidi ya kitu kingine. Chai tuliijua kupitia jamaa zetu waliopanda kwenda juu kuichuma au kufanya kazi za ukarani. Baba mdogo alikuwa mmoja wa hao, na ndiye aliyerudi siku moja na televisheni ya Great Wall, ya inchi 14, ya rangi nyeusi na nyeupe. Umeme haukuwa umefika kijijini. Televisheni iliendeshwa kwa betri ya gari, na betri hiyo ilipelekwa sokoni kujazwa nguvu ikiwa imefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira, huku mmoja wetu akikimbia kando kuishikilia.

Stesheni ilikuwa moja, ile ya taifa, ambayo mpaka mwaka 1989 iliitwa Sauti ya Kenya na tangu hapo ikaitwa KBC. Ile ya pili, KTN, ilianza mwaka 1990, lakini nayo ilikuwa ya Nairobi na vitongoji vyake. Kwetu ilisikika kwa jina tu. Kwa hiyo hatukuchagua. Tulitazama tulichopewa, na katika saa za watoto tulipewa katuni zilizochorwa Marekani baina ya miaka ya 1940 na ya 1960. Hakuna aliyetuambia kwamba nyingi zilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa za wazazi wetu. Tulidhani zimechorwa wiki iliyopita.

Shida ilikuwa lugha. Nyumbani tulisema Kikipsigis. Kiswahili kilikuwa cha sokoni na cha somo moja darasani. Kiingereza tulichofundishwa kilikuwa cha vitabuni, kilichosomwa polepole na mwalimu aliyekuwa Mkipsigis kama sisi. Sasa Kiingereza cha dubu wa Marekani, kinachotoka puani na kwa kasi, kupitia spika ndogo iliyokuwa ikikwaruza, tungekielewaje? Hatukuelewa neno.

Hapo ndipo alipoingia mtu ninayetaka kumtaja kwa heshima katika safu hii. Ni mtoto wa baba mkubwa, ambaye kwa lugha ya vitabu angeitwa binamu, ila kwa desturi yetu ni kaka. Alikuwa ameishia kidato cha pili. Tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwa mwalimu wa mahali popote. Katuni zilipoanza alivuta kigoda, akakaa ubavuni mwa televisheni, akitutazama sisi na kuitazama televisheni kwa jicho moja, naye akatueleza kwa Kikipsigis yale wanyama waliyokuwa wakisema. Alikuwa na sauti kwa kila mmoja. Mkubwa alipewa sauti nzito ya mzee anayedai ng'ombe wake, mdogo alipewa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani akapoteza chenji. Tuliamini kwamba anatafsiri.

Dubu alikuwa tatizo la kwanza. Kwetu hakuna dubu. Kiswahili chenyewe kililiazima neno hilo kutoka Kiarabu, kwa kuwa pwani nako hakuwako mnyama huyo, na katika Kikipsigis cha kijijini sikuwahi kusikia jina lake. Mwalimu hakusita hata kidogo. Alisema: huyu ni chemosit.

Msomaji asiyetoka kwetu huenda hamjui chemosit. Ni zimwi la hadithi za Wakalenjin, mla watu, hasa mla watoto. Bwana A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, aliandika kwamba ni nusu mtu na nusu ndege, ana mguu mmoja na makalio tisa, na kwamba kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa. Baadaye walowezi waliodai kuona mnyama wa ajabu huko Nandi walimwita dubu wa Nandi, na wengine wakamhusisha na huyo huyo chemosit. Kwa hiyo wazungu walimchukua chemosit wetu wakamfanya dubu, na miongo kadhaa baadaye Mwalimu, bila kujua lolote la historia hiyo, akamchukua dubu wa wazungu akamfanya chemosit. Katika taaluma yangu nimesoma makala mengi juu ya ukopaji wa maneno. Sijasoma lililonifurahisha kama hilo.

Basi chemosit huyo aliishi msituni. Mlinzi wa hifadhi, yule bwana mwenye kofia pana anayemkimbiza Yogi katika kila kipindi, akawa askari wa msitu wa Chepalungu, na hapo hatukuhitaji maelezo zaidi, maana sote tulijua kukimbizwa na askari wa msitu kwa ajili ya kuni. Vikapu vya mandari ambavyo dubu hupenda kuviiba vikawa vikapu vya kuchumia chai. Kwa nini zimwi liibe majani ya chai? Mwalimu alieleza kwamba haliibi chai, linaiba chakula ambacho wachumaji wamekificha chini ya majani. Ilituingia akilini kabisa.

Halafu kulikuwa na ile tai. Siku moja dada yangu mdogo aliuliza swali ambalo nadhani watoto wa dunia nzima wamewahi kuliuliza: kwa nini mnyama huyu amevaa kola na tai lakini hana shati? Mwalimu alifikiri kidogo. Akasema kwamba huyo zamani alikuwa karani huko juu kwenye chai, na tai alipewa na kazi, ila shati anangoja kununua bonasi itakapotoka. Watu wazima waliokuwa wamesimama mlangoni walicheka mpaka wakashikana mabega. Sisi watoto hatukucheka. Lilikuwa jibu la kawaida, kwa kuwa hata viatu vyetu vilikuwa vikingoja bonasi.

Nilikuja kuijua sababu halisi ya tai hiyo nikiwa mtu mzima, na naiona kuwa sehemu ya maana zaidi katika historia ya katuni hizi. William Hanna na Joseph Barbera walikuwa wachoraji wa Tom na Jerry katika kampuni ya sinema ya MGM tangu mwaka 1940. Kazi yao ilikuwa ya anasa. Filamu hupita picha 24 kwa kila nukta ya saa, na katika zile filamu fupi za sinema kila mtikisiko wa mkia na kila mkunjo wa sharubu ulichorwa upya. Walishinda tuzo saba za Oscar kwa kazi hiyo. Kisha televisheni ikaingia majumbani, watu wakapunguza kwenda sinema, na mwaka 1957 MGM ikaifunga idara yake ya katuni. Mabwana hao wawili wakajikuta bila kazi. Walianzisha kampuni yao wenyewe, wakaigeukia televisheni ile ile iliyowafukuzisha kazi, nayo ikawapa fedha ambazo zilikuwa sehemu ndogo tu ya walizozizoea.

Walifanyaje? Waliacha kuchora mwili. Mwili wa mnyama ulichorwa mara moja ukatulia, na juu yake wakabadilisha kichwa, macho na mdomo peke yake. Lakini kichwa kinachobadilishwa juu ya mwili uliotulia huacha mstari shingoni, na mstari huo lazima ufichwe. Ndiyo sababu wanyama wengi wa Hanna na Barbera wana kola, tai au ukanda wa shingoni. Tai ya Yogi si pambo. Ni kiraka cha kuziba umaskini, na kwa hiyo Mwalimu hakuwa mbali sana na ukweli aliposema kwamba inahusiana na mshahara.

Lakini mnyama asiyeweza kukimbia atawachekeshaje watu kwa dakika saba? Itabidi aseme. Hili ndilo lililonigusa kama mwanaisimu. Katika Tom na Jerry, paka na panya karibu hawasemi kabisa, kwa sababu palikuwa na fedha za kuwafanya wakimbie. Katika Huckleberry Hound wa mwaka 1958, ambako Yogi alianzia, na katika kipindi cha Yogi mwenyewe cha mwaka 1961, na katika Top Cat wa mwaka huo huo, wanyama wanasimama wakipiga domo. Maneno yalikuwa rahisi kuliko miguu. Kazi ikawaangukia watu wa sauti, na wa mbele yao alikuwa Daws Butler, aliyefariki mwaka 1988, ambaye peke yake alikuwa Yogi na Huckleberry na wengine wengi. Kipindi kilichofanywa kwa fedha za kubana namna hiyo kilipata tuzo ya Emmy mwaka 1960, na hakuna katuni ya televisheni iliyokuwa imewahi kuipata.

Sasa nirudi Siongiroi, maana huko tofauti hiyo ilionekana kwa macho. Siku ya Tom na Jerry, Mwalimu hakuwa na kazi. Panya akimpiga paka kwa kikaango hahitaji mkalimani. Tulicheka wenyewe, naye alitoka nje kwa kisingizio cha kugeuza antena, akakaa huko mpaka wakamaliza. Alizichukia katuni hizo kwa chuki ya kweli. Alisema ni za watu wasio na la kusema. Wakati ule nilidhani ni wivu tu, na bila shaka wivu ulikuwamo. Lakini leo nikijiuliza ni zipi ninazozikumbuka kwa moyo, naona kwamba za Tom na Jerry nilizicheka nikazisahau, na za dubu msema sana ndizo zilizobaki. Zilibaki kwa sababu kulikuwa na nafasi ndani yake. Mdomo ulikuwa ukifunguka na kufumba bila maana yoyote kwetu, na nafasi hiyo ilijazwa na mtu wa nyumbani, kwa lugha ya nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba mnyama anayesema ni uzushi wa Marekani, upuuzi wa kupumbaza watoto, na nimeyasoma hayo katika barua za wasomaji wa magazeti yetu mara nyingi. Hao hawajasikiliza lugha zao. Kiswahili sanifu husema kifaru amelala, kiboko amezama, nyuki ameniuma. Kiambishi cha ki- kilicho mwanzoni mwa kifaru hakifui dafu. Mara tu mnyama anapotenda jambo, sarufi humtia katika ngeli ya watu. Mwingereza kwa kawaida humwekea mnyama kiwakilishi kile kile anachokiwekea kiti. Kikipsigis hakina ngeli kama za Kibantu, lakini tazama jina la sungura: kiplengwet. Linaanza na silabi ile ile inayoanza majina ya wavulana wetu, akina Kiplagat na Kipkoech. Chemosit naye ana mwanzo unaofanana na wa akina Chebet. Mtoto wa Kipsigis akisikia majina hayo hahitaji kuambiwa kwamba hawa ni watu wa aina fulani. Na tukumbuke kwamba kila ukoo kwetu una mnyama wake au kitu chake, unaojinasibu nacho na kukiheshimu. Mickey Mouse wa mwaka 1928 alitukuta tayari tunasalimiana na simba na tembo.

Hata sungura mwenyewe wa Marekani hakuwa mgeni kabisa. Waafrika waliopelekwa utumwani huko walikwenda na hadithi za sungura mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili. Hadithi hizo zilisimuliwa mashambani vizazi kwa vizazi, mpaka mwandishi mzungu wa Georgia, Joel Chandler Harris, alipozitoa katika kitabu mwaka 1880. Wapo wataalamu wanaomwona Bugs Bunny, aliyejitokeza kamili mwaka 1940, kama mjukuu wa sungura huyo. Wengine hupinga, na ni kweli kwamba wenyeji asilia wa Marekani nao wana sungura wao mjanja. Mimi siamui kesi hiyo. Najua tu kwamba Mwalimu alipomwona kwa mara ya kwanza, ameegemea shimo lake akimtania mwindaji mwenye bunduki, alisema neno moja, kiplengwet, na nyumba nzima ikatulia kama watu waliomwona jamaa akirudi kutoka safari ndefu amevaa nguo za kigeni.

Jioni moja alikuja kogo, bibi yetu mzaa baba, amejifunika shuka, akakaa karibu na mlango. Alitazama kwa muda. Mwalimu alikuwa katikati ya masimulizi yake na chemosit alikuwa akicheka. Kogo akamkatiza. Akasema chemosit hacheki. Akasema tena kwamba chemosit ana mguu mmoja, na huyu wenu ana miwili, na kinywa chake hakiwaki. Mwalimu alianza kujitetea, lakini betri ilimwokoa, kwani wakati huo huo ilianza kuisha. Waliozijua televisheni za betri wanakumbuka jinsi picha ilivyojikunja kutoka pembeni, ikawa kama dirisha dogo, kisha kama ukanda, kisha giza. Hakuna aliyeondoka. Kogo akaendelea gizani pale pale, na usiku huo alitusimulia habari ya mbwa.

Mbwa huyo alikuja kwa watu wa kwanza akawaambia kwamba watakufa kama mwezi unavyokufa, ila tofauti na mwezi hawatarudi, isipokuwa kama watampa maziwa kutoka katika kibuyu chao wenyewe na pombe kwa mrija wao wenyewe. Watu walimcheka. Walimmwagia vinywaji juu ya kigoda ayarambe, kama anavyofanyiwa mbwa. Akakasirika, akasema basi watu watakufa, na mwezi peke yake ndio utakaorudi. Niliikuta hadithi hiyo miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, katika kitabu kile kile cha Hollis, na nywele zilinisimama. Ilikuwa ile ile karibu yote. Mnyama aliyesema alitaka atendewe kama msemaji, apewe chombo ambacho wasemaji wenzake hunywea, na walipomnyima heshima hiyo walipoteza uhai wa milele. Lakini kitabuni mbwa alikuwa bubu. Kwa kogo alikuwa na sauti ya chini yenye kukwaruza, ya mtu aliyetembea usiku kucha na ujumbe asioupenda, na alipofika kwenye lile neno la mwisho sauti haikupanda bali ilishuka.

Nimefanya kazi ya kurekodi lugha kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Nina kanda na faili za wazee wa vijiji ambavyo nisingeweza kuvipata tena bila kuuliza njia. Nimewarekodi wakihesabu, wakitamka irabu fupi na ndefu, wakitaja sehemu za mwili. Sauti ya kogo sina. Nilidhani yupo tu, kama mtu anavyodhani juu ya maji ya mto wa nyumbani, na alifariki nikiwa ng'ambo nikimalizia tasnifu ya uzamivu. Tasnifu hiyo ilihusu lugha yake.

Wamarekani walituzidi katika hilo. Mel Blanc, aliyekuwa sauti ya Bugs Bunny, alipata ajali mbaya ya gari huko Los Angeles mwaka 1961, akazimia kwa siku nyingi. Kama yeye na daktari wake walivyosimulia baadaye, madaktari walimwita kwa jina lake bila jibu, mpaka mmoja wao alipojaribu kumwita kwa jina la sungura, naye akajibu kwa sauti ya sungura. Blanc alifariki mwaka 1989, na sungura wake anasikika mpaka leo kwa sababu alihifadhiwa. Wetu wa sauti kama hizo walikuwa katika kila boma. Tuliwaachia giza.

Sasa nifike kwa watoto wa leo. Binti yangu ana miaka minane na tunaishi mjini. Hahitaji Mwalimu. Anaelewa kila neno la Kiingereza linalosemwa na kila mnyama katika kila kifaa, na wakati mwingine ananirekebisha matamshi. Sitaki kusema kwamba amepunjwa, kama wasemavyo wenzangu. Katuni za siku hizi zimechorwa vizuri mno na nyingine zina akili nyingi. Lakini nafasi ile ya kujazwa imezibwa. Mnyama anasema, mtoto anaelewa, na hakuna mtu wa nyumbani anayehitajika kati yao. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu yenye simba aitwaye Simba na nyani aitwaye Rafiki, na dunia nzima ikaimba maneno mawili ya Kiswahili. Filamu hiyo ilipotoka walitengeneza toleo la Kizulu. Simba mwenye jina la Kiswahili alisema Kizulu kabla hajasema Kiswahili. Miaka kadhaa baadaye mfululizo wa Tinga Tinga Tales, wenye hadithi za wanyama wa Afrika na michoro iliyoiga mtindo wa Mtanzania Edward Saidi Tingatinga, ulitengenezwa Nairobi kwa mikono ya vijana wetu na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Ni kazi nzuri na nilijivunia. Nayo ilitungwa kwa Kiingereza.

Watanzania wamethubutu. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kuonyesha katuni zake za Ubongo Kids kwa Kiswahili mwaka 2014, kisha Akili and Me kwa wadogo zaidi, ambamo msichana Akili anakutana na kiboko, simba na komba usingizini, nao wanazungumza. Kazi hizo zimetiwa sauti katika lugha nyingine pia, zikiwamo Kinyarwanda na Kihausa. Hazina anasa ya MGM. Zinafanya kama Hanna na Barbera walivyofanya, mwili unatulia na mdomo unasema.

Hapo ndipo ninapowauliza wenye stesheni, wenye idara za lugha katika vyuo vyetu, na mimi mwenyewe nikiwamo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya mwanzo ya shule. Katiba ya mwaka 2010 inaiagiza serikali kuzikuza lugha za wenyeji. Mtaala ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 umezipa tena nafasi katika madarasa ya chini. Maandishi yamo, na ni mazuri. Lakini mtoto wa Siongiroi anayefungua simu ya mama yake jioni atamsikia wapi sungura akisema Kikipsigis, au hata Kiswahili cha Kenya? Hatuwezi tena kujitetea kwa gharama. Mchoro mmoja uliotulia, mdomo unaofunguka, na sauti: vitu hivyo vilitosha kuiteka dunia mwaka 1958, na siku hizi kijana mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuvifanya chumbani kwake. Redio za Kikalenjin zimethibitisha kwa miaka mingi kwamba sauti tunazo na wasikilizaji tunao. Bibi walio hai bado wapo, ingawa wanapungua. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapelekea kipaza sauti, na mtu huyo ni mimi na wenzangu, tunaopenda kuandika makala juu ya kufa kwa lugha.

Desemba iliyopita tulikwenda nyumbani. Umeme umefika, na Great Wall ya baba mdogo iko ghalani ikiwa na kuku aliyeatamia juu yake, kwani tangu mitambo ya zamani ilipozimwa mwaka 2015 hakuna aliyejali kuinunulia kisanduku. Mwalimu sasa ana mvi kichwa kizima. Binti yangu alikuwa amekaa ukumbini akitazama simu, na nilikuwa nimemwonyesha Yogi safarini, ndiye aliyekuwa akimtazama. Mwalimu alisimama nyuma yake kwa muda bila kusema kitu. Kisha aliomba simu, akaizima sauti, akaiegemeza kwenye birika la chai, akavuta kiti.

Alianza kwa Kikipsigis, na sauti nzito ilikuwa ile ile. Binti yangu, ambaye Kikipsigis chake ni cha salamu, alinigeukia nimtafsirie, nami nikawa mkalimani wa mkalimani, nikisema kwa Kiswahili, nikichelewa kila mara, na simu nilikuwa nimeiweka kando irekodi. Askari wa msitu alipita. Vikapu vya chai vikaibwa. Ndipo binti yangu alipomnyoshea dubu kidole na kuuliza kwa nini ana tai na hana shati.

Nilimtafsiria Mwalimu swali hilo, ingawa nadhani alikuwa amelielewa. Alimtazama mtoto kwa huruma.

"Mwambie," alisema, "bonasi bado haijatoka."